Osimertinib kwa mgonjwa wa Lubumbashi: kidonge kizuri, mradi kipimo cha jeni kitangulie

Osimertinib ya kampuni ya AstraZeneca, iliyozoeleka kwa jina la Tagrisso, ni kidonge cha saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo. Si cha kila mwenye ugonjwa huo. Hufanya kazi pale uvimbe unapobeba hitilafu kwenye EGFR, jeni inayoamuru seli kukua, hasa kipande cha jeni hiyo kiitwacho ekzoni 19 kikipungua, au herufi moja ikibadilika, badiliko liitwalo L858R. Pasipo hitilafu hiyo utameza bure, na bei yake ya maelfu ya dola kwa mwezi ingekununulia gari iliyokwisha kuvuka Kasumbalesa, mpaka wetu wa Kongo na Zambia.

Hitilafu ikiwepo, hakuna ubishi. Utafiti wa FLAURA uliilinganisha na vidonge vya zamani, erlotinib na gefitinib. Nusu ya waliopewa osimertinib walifikisha miezi 18.9 kabla ugonjwa kusonga mbele, kwa wengine ilikuwa 10.2. Kwa urefu wa maisha ilikuwa miezi 38.6 kwa 31.8. Haiponyi ugonjwa uliokwisha kusambaa, ila inaufikia hata ubongoni, mahali ambapo vidonge vya zamani hupenya kwa shida.

Faida nyingine inaonekana ukiiweka kando ya pembrolizumab, dawa ya kinga, yaani inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani. Hiyo ni dripu ya dakika 30, miligramu 200 kila wiki 3, na chupa zake lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi wodini. Barafu ikigusa chupa dawa huganda na kuharibika. Foleni ya mpakani ikirefuka au umeme ukikatika, inapata joto. Osimertinib inakaa kabatini, chini ya nyuzi 30. Katika mji wenye umeme wa kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Kazi ngumu ni kipimo cha kutafuta hitilafu hiyo, na hapo ndipo mambo huharibikia. Kipande cha uvimbe kinatakiwa kiingie mara moja kwenye formalini, maji ya kuhifadhia nyama ya mwili, ya asilimia 10 na iliyosawazishwa asidi yake, kikae humo kati ya saa 6 na 72, kisha kifungwe ndani ya nta. Kikisahaulika wiki nzima kwenye formalini, DNA inakatikakatika na maabara itarudisha jibu la «haikusomeka». Kipande cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi kali hupatwa na hayo hayo. Uzuri ni kwamba kikiwa kwenye nta kinasafiri bila barafu hadi maabara ya mbali. Kipimo cha damu nacho kinasaidia, lakini kikisema hakuna hitilafu usikiamini peke yake.

Jibu lisubiriwe kabla ya kuanza dawa ya kinga. Wenye hitilafu ya EGFR hufaidika kidogo nayo, na ukitoa dripu halafu osimertinib ifuate muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba vibaya inapanda.

Kumeza ni rahisi: miligramu 80 mara moja kwa siku, kwa bukari (ugali) au tumbo tupu. Ukisahau na zimebaki chini ya saa 12 kabla ya kidonge kinachofuata, ruka. Asiyeweza kumeza akiloweke kwenye maji ya kawaida, si ya gesi wala munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akoroge, anywe papo hapo. Kisisagwe.

Kasoro kubwa kwa mazingira yetu ni ugomvi wake na dawa za kifua kikuu. Rifampisini hupunguza osimertinib mwilini kwa asilimia 78, yaani mgonjwa anameza kila siku na uvimbe hausikii. Kwa kuwa kikohozi cha muda mrefu hapa huanza kuhesabiwa kuwa TB, wengine hufika kwa daktari wa saratani wakiwa tayari wanameza rifampisini. Athari yake hukaa kama wiki 3 baada ya kuiacha. Dawa za kifafa, fenitoini na karbamazepini, zina tabia hiyo hiyo.

Ya pili ni malaria. Osimertinib hurefusha kipindi cha QT, muda ambao moyo hujiandaa umeme wake kati ya pigo na pigo, na ukirefuka sana mapigo yanaweza kuvurugika. Coartem na kinini, dawa za malaria, hufanya hivyo pia. Malaria itibiwe, ila mwambie daktari, apime umeme wa moyo na potasiamu, hasa kama kuna kuharisha.

Kuharisha kwenyewe, upele, ngozi kukauka na kucha kuvimba ni vya kawaida na huvumilika. Kisichongojewa ni pumzi fupi mpya, kikohozi kipya au homa: simamisha kidonge, nenda ukapigwe skana. Inaweza kuwa mapafu yanavimba kwa dawa.

Asiyeimudu asikate tamaa. Erlotinib, iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2019, ni hatua nyuma lakini ni dawa ya kweli. Yenyewe inamezwa saa 1 kabla ya kula au 2 baada yake, omeprazoli inaidhoofisha, na sigara vilevile.

Ukinunua Tagrisso, fungua paketi dukani. Kidonge halisi cha miligramu 80 ni cha rangi ya beji, umbo la yai, kimeandikwa AZ 80 upande mmoja na upande wa pili ni mtupu. Cha 40 ni cha mviringo. Kikiwa tofauti na hivyo, rudisha kabla hujalipa.