Wakata miti niliowaita kwa mkaratusi ulioinama: kupanda hodari, kuangusha hovyo

Nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa hiyo nianze na sifa kabla hasira haijapanda. Kijana wao wa kupanda ni fundi wa kweli. Tawi lililotanda juu ya bati alilifunga kamba kwanza, akaizungushia shina, akachanja kidogo kwa chini ndipo akakata kwa juu, na mwenzake akaliteremsha polepole kama anayeshusha ndoo kisimani. Bati halikuguswa.

Kisha akaja mkubwa wao na chenso.

Mti ulikuwa na unene wa kama sentimita 50, umeinamia shambani penye uwazi, ila matawi yalivutia kushoto, kwenye tangi la maji. Mti kama huu hudanganya. Kwa kuwa unaangukia unakotaka wenyewe, watu huona kazi rahisi. Kumbe nyuzi za nyuma zimekazika mno. Ukikata kutoka nyuma kwenda mbele, kabla hujafika kwenye bawaba, yaani ukanda wa mbele usiokatwa unaouongoza mti, shina linapasuka wima, na kitako kinanyanyuka na kuruka nyuma, hukohuko uliposimama. Na mkaratusi hupasuka upesi.

Dawa yake inajulikana. Mdomo wa mbele, lile pengo linalokatwa upande mti unakoangukia, usizidi robo ya unene, la sivyo mti unaubana msumeno. Halafu unatoboa shina kutoka ubavuni kwa ncha ya chenso, ukianza na sehemu ya chini ya ncha, maana ya juu hukurushia mashine usoni. Mbele unaacha bawaba ya sentimita 5, nyuma unaacha ukanda wa kuushikilia mti. Sasa mti umetulia. Unatazama njia yako ya kukimbilia, nyuma kwa pembeni, digrii 45, ndipo unaukata ule ukanda. Na kwa sababu ya tangi, kamba ifungwe theluthi mbili ya urefu, ivutwe kulia kwa winchi ya mkono, mvutaji akae mbali kuliko urefu wa mti.

Nikamwambia, "Fundi, toboa kwanza, acha ukanda nyuma."

"Bosi, wewe andaa hela, mti tuachie sisi. Tumekata Mufindi."

Mufindi! Misindano ya kule imesimama wima, mstari kwa mstari, haina tangi wala bati la mtu. Winchi walikuwa nayo, imelala kwenye pikapu. Kamba wakawapa vijana wawili waivute kwa mikono.

Mkato wa nyuma uliishia katikati. Kisiki bado kipo, kila anayebisha aje aone: ubao umesimama juu yake, mrefu kunizidi, umechanika kuanzia palepale chenso ilipofika. Kitako kiliruka nyuma kikampita begani. Mti ukaning'inia juu ya ubao huo, ukateleza kushoto. Tangi limepasuka, bomba limeng'oka.

"Mipango ya Mungu, bosi," akasema, akanyoosha mkono wa malipo. Nimemkata bei ya tangi na bado anapiga simu kulalamika.

Kwa hiyo tatu nimezifuta. Kwa kupogoa matawi juu ya nyumba labda ungewaita, lakini hapana, hata hapo mkubwa atakuja na chenso yake. Nyota moja, nayo ni ya yule kijana. Nimeshamwambia kuna mwembe unangoja: aje na kamba zake, aje peke yake na mwenzake wa chini.