Kruza (Land Cruiser) ya dizeli au ya umeme kwa kazi ya safari za watalii?
Hapa Arusha watu wanabishana sana hili, ngoja niseme navyoona mimi. Kruza ya dizeli inalisha watu wengi bana, dereva, fundi wa springi, wachomeleaji wanaorefusha bodi na kukata paa, muuza spea, kijana wa pampu, na ikikuzimikia huko porini Ndutu atatokea mtu na spana mtaondoka tu. Ila ule moshi na kelele mbele ya simba, mgeni kalipa hela ndefu halafu anakohoa, aibu.

Ya umeme mara nyingi ni kruza ileile, imetolewa injini ikawekwa mota na betri. Imetulia hadi unasikia ndege, oili ya injini hamna. Shida betri, bei yake acha tu, na mlima wa kupanda Ngorongoro unakula chaji balaa (kushuka inarudisha kidogo). Wanaosema umeme wetu nao unachafua, sawa, upo unaofuliwa kwa gesi, lakini Bwawa la Nyerere la umeme wa maji, megawati 2,115, limebadilisha hesabu.

Ningekuwa na kampuni, za umeme ningewapa lodji za porini zenye sola, safari ndefu dizeli kwanza.