Mkanda wa Kupima Mapigo ya Moyo kwa Farasi Anayerudishwa Kazini: Unachokiona na Usichokiona

Farasi aliyekaa malishoni muda mrefu bila kupandwa hurudi kazini na mwili unaodanganya macho. Huenda akawa mnene, manyoya yanang'aa, na akikimbia huru uwanjani anaonekana hana tatizo lolote. Lakini mtandike, mpande, mpeleke kwenye mwinuko mdogo, na papo hapo ataanza kutweta na kulowa jasho shingoni na kifuani. Ili nijue ndani ya mwili huo kunaendelea nini, nilinunua mkanda wa kielektroniki wa kupima mapigo ya moyo, ule unaofungwa pamoja na tandiko na kutuma namba kwenye saa au simu ya mpandaji. Nimeutumia tangu matembezi ya kwanza ya kumrudisha farasi wangu jike kazini mpaka alipoweza tena kwenda mbio za wastani bila taabu, na ninaupima hapa kwa kazi hiyo moja. Kwa maoni yangu mkanda huu unasoma vizuri kile ulichoundwa kusoma, na ningeununua tena. Kasoro yake kubwa ni kwamba unasoma sehemu ya mwili inayopata nguvu mapema kuliko nyingine, huku programu inayoandamana nao ikizungumza kana kwamba sehemu hiyo ndiyo farasi mzima.

Kifaa chenyewe ni chepesi na hakimsumbui mnyama. Kina elektrodi mbili, yaani vipande vinavyonasa umeme wa moyo kupitia ngozi: moja hukaa upande wa kushoto chini ya tandiko, kando ya mwinuko wa mabega, na nyingine hukaa chini ya mkanda wa tumbo, ule unaoshikilia tandiko, nyuma kidogo ya kiwiko cha kushoto, mahali ambapo mapigo ya moyo husikika hata kwa kiganja. Nywele zikiwa kavu, hakisomi chochote cha kuaminika. Namba huruka kutoka 40 hadi 180 na kurudi 60 wakati farasi amesimama kimya akitafuna nyasi. Inabidi kulowesha sehemu hizo mbili kwa sifongo, ukisukuma maji kinyume cha mlalo wa nywele mpaka yafike kwenye ngozi, kisha kupaka jeli kidogo juu ya elektrodi zenyewe, na kwa farasi mwenye manyoya mazito ya msimu wa baridi kazi hii haina njia ya mkato. Akishaanza kutoka jasho usomaji hutulia, kwa kuwa jasho la farasi lina chumvi nyingi na hupitisha umeme vizuri. Maelekezo ya mtengenezaji yameligusia jambo hili kwa sentensi moja tu, nami naamini wengi wanaolalamika kwamba kifaa ni kibovu wanakifunga kwenye manyoya makavu.

Kikishasoma sawasawa, namba zake zina mengi ya kusema. Farasi aliyekomaa na mwenye afya, akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akitembea, mapigo hupanda hadi kati ya 60 na 80. Akienda matiti, ule mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, hufika takriban 90 hadi 140, kutegemea ardhi na uzima wa mwili wake. Na akienda shoti kwa nguvu zake zote hupita 200, kikomo kikiwa karibu 220 hadi 240. Jambo ambalo mtu aliyezoea saa za wanariadha halitarajii ni kwamba mazoezi hayakibadilishi kikomo hicho, wala hayashushi sana mapigo ya farasi aliyetulia. Kinachobadilika ni kazi anayoweza kuifanya kwa mapigo yale yale. Mwinuko uliokuwa ukimpandisha farasi wangu mpaka 150 akienda matiti ulifika wakati ukawa unampandisha hadi 120 tu, kwa mwendo uleule na ardhi ileile, na hicho ndicho kipimo cha maendeleo ninachokiamini. Mstari wa 150 hadi 160 una maana yake pia, kwa sababu kuanzia hapo misuli huzidi kutegemea nishati isiyotumia oksijeni, asidi ya laktiki huanza kujikusanya, na uchovu huja haraka. Farasi ambaye ndiyo kwanza anajengwa hana sababu ya kuuvuka mstari huo mara kwa mara.

Kuna namba mbili ambazo mnunuzi mpya asizitie maanani mno. Ya kwanza ni ule mruko wa mwanzoni: farasi akianza kazi, moyo hupanda ghafla kupita kiwango kinachohitajika, kisha hushuka na kutulia baada ya dakika moja au mbili, pale bandama lake linapokuwa limemwaga kwenye damu akiba kubwa ya chembe nyekundu lililokuwa limeihifadhi. Ya pili ni mshtuko. Mfuko uliopeperushwa na upepo kando ya njia ulitosha kupandisha mapigo ya farasi wangu kutoka 70 hadi zaidi ya 120 bila kuongeza hatua hata moja, na programu iliandika tukio hilo kama kazi ngumu. Mpandaji anaweza kulifuta kwenye kumbukumbu, lakini lazima alikumbuke mwenyewe.

Pale mkanda huu unapostahili sifa bila kusita ni kwenye kupima jinsi moyo unavyorudi chini baada ya kazi. Njia ya kale ya kuweka vidole kwenye mshipa ulio chini ya taya, kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, bado ni nzuri na kila mwenye farasi anapaswa kuijua. Lakini mapigo ya farasi hushuka kwa kasi kubwa katika dakika ya kwanza, na hadi ushuke, umshike, aache kutikisa kichwa, sehemu muhimu ya habari imeshapita. Mkanda unaiona yote. Kanuni niliyoifuata ni kwamba baada ya dakika 10 za kutembea polepole mapigo yawe yamefika karibu 60 au chini yake, na yakibaki juu ya 72, kazi ya siku hiyo ilikuwa nzito kupita uwezo wake na inayofuata ipunguzwe. Kwa kulinganisha, katika mashindano ya masafa marefu chini ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, 64 ndicho kiwango ambacho farasi asipokishukia ndani ya muda uliowekwa huondolewa, na hao ni wanyama waliojengwa kwa miaka. Ikumbukwe tu kwamba mkanda hauhesabu pumzi. Siku ya joto lenye unyevu farasi anaweza kuhema upesi ajabu ili kutoa joto mwilini hata moyo ukiwa umeshashuka, na hapo lililo muhimu ni kivuli, maji mengi ya kummwagia na subira.

Umenisaidia pia nje ya mazoezi. Nilikuwa nikiufunga asubuhi bandani kabla ya kumtoa, na kwa kawaida ulisoma 36 au karibu na hapo. Asubuhi moja ulisoma 52 na haukushuka, ingawa farasi alikuwa ametulia na amemaliza nyasi zake zote. Daktari wa mifugo alimkuta na jipu ndani ya kwato ya nyuma kabla hajaanza kuchechemea. Mapigo ya farasi aliyetulia yakipanda bila sababu ya wazi, mara nyingi ni maumivu, homa au upungufu wa maji, na kwa hilo peke yake kifaa kilinilipa gharama yake.

Sasa nije kwenye kasoro niliyoitaja mwanzoni, ambayo ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu huu. Farasi anaporudi kazini, moyo, mapafu na damu huitikia ndani ya wiki chache. Misuli hufuata nyuma yake kwa miezi. Kano, ligamenti, gegedu na mifupa huja mwisho kabisa, kwa sababu kano hupata damu kidogo na mifupa hujijenga upya polepole, na kwa farasi aliyepumzika sana mifupa huweza kuhitaji mwaka na zaidi. Hivyo kuna kipindi kirefu, tena cha hatari, ambapo farasi ana pumzi za kukimbia lakini hana miguu ya kuzibeba pumzi hizo. Anajisikia vizuri, anavuta hatamu, anaomba kwenda. Na ile kano ya juu iliyo nyuma ya mguu wa mbele, ambayo huumia kuliko nyingine katika farasi wa kupandwa, haijawa tayari.

Katika kipindi hichohicho programu ya mkanda huanza kuonyesha rangi ya kijani. Kila mara moyo wa farasi wangu uliposhuka vizuri, ilipendekeza nirefushe mbio na niongeze kasi kwa pamoja, kana kwamba nimepewa gari lililokwisha kutengenezwa. Haiulizi amekaa bila kazi kwa muda gani. Haiulizi alipumzishwa kwa sababu ya jeraha au kwa sababu mwenyewe hakuwa na nafasi. Haitofautishi njia ngumu iliyonyooka na mchanga mzito unaovuta kano, wala haijui kwamba kumzungusha farasi kwa kamba ndefu kwenye duara dogo huchosha viungo kuliko kumtembeza kwenye mstari.

Mimi niliacha kufuata mapendekezo hayo na kubaki na namba peke yake. Wiki za mwanzo zilikuwa za matembezi matupu kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, kuanzia dakika 20 au 30 na kusogea taratibu hadi saa nzima, yakiwa matembezi ya kuchangamka na si ya kuburura miguu. Baadaye zikaingia dakika chache za matiti kwenye mstari ulionyooka, kisha miinuko, kisha kuvuka magogo yaliyolazwa chini, na mbio zikaja mwisho. Jambo moja tu liliongezwa kwa wakati mmoja: kama wiki hii ni ya kurefusha muda, basi kasi inabaki ilivyokuwa. Na kila asubuhi, kabla ya kufunga mkanda, nilipitisha kidole gumba na vidole viwili nyuma ya kila mguu wa mbele kuanzia chini ya goti hadi juu ya kifundo, nikilinganisha wa kushoto na wa kulia. Siku ambayo programu ilikuwa ya kijani kuliko siku zote, kidole kilikuta uvuguvugu upana wa vidole viwili kwenye mguu wa kushoto, bila uvimbe na bila kuchechemea. Daktari aliupima kwa altrasaundi, hakuona uzi wowote uliochanika, akaagiza turudi kwenye matembezi mpaka uvuguvugu uishe na upimwe tena. Mkanda haukuwa na njia yoyote ya kuniambia hilo.

Ukurasa wa lishe wa programu ni dhaifu zaidi, nami sitaukalia sana. Unauliza uzito wa farasi na wa mpandaji, jambo ambalo ni zuri, kwa kuwa mzigo wote pamoja na tandiko ukizidi karibu asilimia 20 ya uzito wa farasi unamlemea, na aliye dhaifu anahitaji mzigo mwepesi zaidi ya huo. Lakini hauulizi hali ya mwili wake kwa kipimo cha Henneke cha mwaka 1983, kinachotoka 1 kwa aliyekonda kabisa hadi 9 kwa aliyenenepa kupita kiasi. Farasi wangu alianza akiwa kwenye 7, na programu ikashauri nimwongezee nafaka kadiri kazi inavyoongezeka. Kwa farasi mwenye shingo iliyojaa mafuta, ushauri wa namna hiyo unakaribisha ugonjwa wa uvimbe wa ndani ya kwato, ambao humlemaza farasi na mara nyingine kumuua. Ukurasa huo pia hausemi lolote kuhusu kupunguza nafaka siku za mapumziko, ingawa farasi wanaoshiba nafaka bila kazi ndio hukakamaa misuli wanaporudishwa mazoezini.

Kuna mambo madogo ya utengenezaji. Ukingo wa elektrodi ya chini ni mgumu, na ngozi ya farasi aliyekaa bila tandiko ni laini, kwa hiyo nyuma ya kiwiko palianza kuchubuka mpaka nilipoweka kipande cha ngozi ya kondoo kati yake na mkanda wa tumbo. Betri hudumu vizuri. Mawasiliano na simu hukatika simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali, lakini saa ya mkononi haikunisumbua. Tandiko nalo lilibidi likaguliwe upya katikati ya safari, kwa sababu mgongo ulipojenga misuli lilianza kubana mabegani, na elektrodi ya juu ikawa inagandamizwa mno. Anayefunga mkanda huu kwenye tandiko lisilokaa sawa ataongeza tatizo juu ya tatizo.

Ningeupendekeza kwa mtu ambaye farasi wake ameshapimwa na daktari, meno na kwato zimeshakaguliwa, na anayejua kugusa miguu na kuelewa anachokigusa. Kwa anayeanza kabisa kumiliki farasi, stetoskopu ya kawaida na mwalimu mzoefu vitamfaa zaidi kwa miezi ya kwanza. Mtengenezaji naye angeweza kuurekebisha upungufu mkubwa bila kugusa kifaa chenyewe: aweke kwenye programu swali la muda na sababu ya mapumziko, na ukurasa wa kila siku wa kuandika joto na uvimbe wa mguu mmoja mmoja, na azuie pendekezo lolote la kuongeza kasi mpaka ukurasa huo uwe umejazwa.