Mfuko wa matunzo baada ya kupandikiza nywele: povu na mto ndiyo, seramu hapana

Nilipandikizwa nywele kwa njia ya FUE, ile ya kutoa mizizi mmoja mmoja kisogoni na kuipanda mbele. Nilitoka na mfuko wa vifaa: chupa ya kupulizia yenye maji ya chumvi, povu la kulainisha vigaga, shampuu isiyo kali, mto wa shingo na kichupa cha seramu inayodai kuotesha nywele haraka. Sitavizungumzia kwa urefu sawa, kwa sababu havikunifaa sawa.

Maji ya chumvi ni yale yale ya dripu, chumvi asilimia 0.9, hakuna siri yoyote ndani. Ila yana kazi. Siku za mwanzo mzizi uliopandwa unashikiliwa na damu iliyoganda tu, bado haujapata mishipa yake, na ngozi ikikauka sana vigaga vinakuwa vigumu na kuvuta. Ukipulizia mara kwa mara ngozi inabaki laini na muwasho unapungua. Lawama yangu ni kwa kichwa cha chupa. Ikiwa imejaa inatoa ukungu mwembamba kabisa. Ikifika nusu inatema mchirizi, na mchirizi ndicho kitu usichokitaka juu ya kidonda kibichi. Dawa yake ni kubonyeza pembeni kwanza mpaka ukungu urudi, ndipo uelekeze kichwani.

Povu ndilo lililonifanya niandike haya. Kliniki nyingi huruhusu kichwa kuoshwa mara ya kwanza kati ya saa 24 na 72 baada ya upasuaji, na hapo ndipo watu wengi mikono huwatetemeka. Unaliminya kiganjani, unaligusisha kichwani bila kusugua hata kidogo, kisha unakaa kimya dakika 15 hadi 30. Unaliondoa kwa maji ya vuguvugu ukimimina na kikombe, maana bomba la mvua lina nguvu mno. Baada ya hapo ni shampuu: unaitoa povu mikononi, unaigusisha vilevile, unamimina maji tena. Taulo lisifike eneo lililopandwa, pakauke penyewe.

Povu langu halikuwa na harufu wala halikuchoma. Baada ya kuosha mara chache niliona kigaga kimejiachia chenyewe, na katikati yake kimesimama unywele mfupi mweusi. Anayeona hivyo mara ya kwanza anadhani mzizi umeng'oka. La, kinachotoka ni unywele tu, mzizi unabaki chini ya ngozi. Dalili ya kuhofia ni damu mbichi mahali kigaga kilipotoka, na mimi sikuiona. Kwa kawaida vigaga huisha kati ya siku 7 na 14, na kuanzia siku ya 10 hivi mizizi inakuwa imeshika, hata daktari anaweza kukuruhusu kusugua taratibu kwa ncha za vidole. Kabla ya hapo, kubandua kwa kucha ni kutonesha kidonda bure.

Shampuu ilikuwa nzuri, lakini shampuu yoyote ya watoto isiyo na manukato makali inaifanya kazi hiyo hiyo.

Mto wa shingo niliudharau nilipouona, kumbe ni nusu ya usingizi wangu. Unatakiwa kulala kichwa kikiwa juu, kama nyuzi 45, ili uvimbe wa paji la uso usishuke sana machoni. (Wangu ulishuka kidogo, nikawa na macho ya mtu aliyelia msibani, kisha ukaisha.) Tatizo ni kwamba kisogo nacho kina vidonda, kwa hiyo ukilala chali unavilalia. Mto huu unabeba ukosi, na kisogo kinabaki hewani. Pia unakuzuia kugeuka usiku ukasugua sehemu ya mbele bila kujua.

Seramu sasa. Kiambato cha pili kwenye orodha ni alkoholi, halafu manukato. Sikuipaka. Ngozi yenye mamia ya matundu madogo haihitaji kitu hicho, na nilipomuuliza muuguzi alinyanyua mabega tu. Kinachoniudhi zaidi ni ahadi yake. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele zilizopandwa hudondoka, karibu zote, hata ufanye nini. Mpya huanza kuchomoza mwezi wa 3 au wa 4, na sura kamili huonekana baada ya miezi 12, utosini hata zaidi. Kwa hiyo anayekuuzia kichupa wakati zimedondoka atajisifu kwa nywele ambazo zingeota zenyewe. Minoksidili ni habari nyingine, hiyo ni dawa kweli ya kuotesha nywele, lakini tarehe ya kuanza au kuirudia anakupangia daktari.

Ambacho hakikuwemo mfukoni na kilihitajika: shati la vifungo, kwa kuwa fulana inakwaruza kichwa ukiivua, na kofia pana iliyolegea ya kujikinga na jua, siku ambayo daktari ameruhusu kofia. Muwasho wa kisogoni niliutuliza kwa jeli tupu ya mshubiri, vidonda vilipokwisha kufunga. Ganzi ya utosini ilichukua muda mrefu zaidi kuondoka kuliko nilivyotarajia, na hakuna kifaa kinachoiharakisha.

Kwa wenzangu wenye nywele za kipilipili, mzizi wetu umejipinda chini ya ngozi, na nywele mpya zinapochomoza baadhi hujikunja na kurudi ndani. Mimi zilinitoa vipele vidogo. Nilivikanda kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu bila kuvitumbua, vikaisha. Vikiwa vingi, vikitoa usaha au ngozi ikiwa ya moto, mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo. Na kama ngozi yako huwa inaota makovu ya kuvimba, mwambie kabla hujapanda kitandani kwake.