Kichupa cha matone ya macho nilichokitupa kwenye boksi la vifungo

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani chini ya mwembe, hapa Isevya, Tabora. Kivuli chake wateja wanakipenda, tatizo ni kiangazi. Mwezi wa saba mwembe unachanua, vumbi la barabarani nalo halitulii, na macho yangu yanawasha utadhani nimekatia pilipili nikasahau kunawa. Mwaka jana ilifika mahali siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Namwita mtoto wa jirani anitungie, namlipa karanga.

Kabla sijafika kwenye dawa ninayotaka kuisema, matone ya macho yaitwayo kromoglikati, niseme nilikopita. Piriton ilinipunguzia muwasho, lakini ilinilaza juu ya mashine. Kuna blauzi ya sare ya kwaya nilipachika mkono wa kushoto upande wa kulia, nikafumua usiku. Halafu duka moja la dawa likaniuzia matone mengine bila kuniuliza hata swali. Yale yalikuwa moto! Siku moja tu, macho meupe. Nikayatumia miezi miwili, yakiisha nanunua mengine. Nilipokwenda kupima miwani, dada wa kliniki ya macho akaomba akione kichupa. Akakisoma, akakiweka mezani taratibu. "Mama, hii ina deksamethasoni. Ukiitumia muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, inaweza kuleta mtoto wa jicho." Akanipima presha, nashukuru ilikuwa sawa. Ndiye aliyeniandikia kromoglikati, asilimia 2.

Nilizunguka maduka matatu kuipata. Shilingi 8,000, kichupa cha mililita 10, yaani suruali nne za kupunguza. Kijana wa dukani akaandika "1x4" kwenye boksi kwa kalamu, akanirudishia chenji, basi. Nikaweka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kitu. Inachoma kidogo ikiingia, baada ya dakika moja unasikia uchungu kooni, muwasho uko palepale. Nikakitupa kwenye boksi la vifungo nikijua nimeliwa hela.

Mtoto wa dada yangu anasoma famasia. Alikuja likizo, akawa anatafuta kifungo cha shati lake, akakikuta. "Shikamoo mama mdogo, hii umeiacha kwa nini?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini.

Alivyonieleza ni hivi. Kwenye utando wa jicho kuna seli zinaitwa masti, zimejaa vijifuko vya histamini. Mwenye mzio akiingiwa na chavua au vumbi, seli zinamwaga vile vijifuko, na ile histamini ndiyo muwasho, ndiyo wekundu, ndiyo machozi. Piriton inakuja histamini ikiwa imeshamwagika, inaizibia njia tu. Kromoglikati inazishika seli zenyewe zisimwage. Nikamwambia kumbe ni ovaloki! Unapiga pindo kabla nyuzi hazijaanza kutoka. Nguo ikishafumuka, ovaloki ya nini tena? Akasema ndiyo hasa, na ndiyo maana inataka siku kadhaa, hata wiki mbili, na huruki hata siku moja.

Akaninogeshea na habari zake. Dawa hii imetengenezwa maabara, mwaka 1965 huko Uingereza, lakini wazo lilianzia kwenye mmea wa dawa wa Misri uitwao Ammi visnaga. Daktari aliyeihangaikia, Roger Altounyan, mzaliwa wa Aleppo, alikuwa na pumu mwenyewe. Alikuwa anavuta kwa makusudi mchanganyiko uliotengenezwa kutokana na manyoya ya simbilisi ili kifua kimbane, kisha anajaribu kama kemikali mpya itazuia. Mamia ya kemikali, kifua kimoja! Na mpaka leo watafiti wa mzio wana kemikali nyingine ya kutengenezwa, inaitwa 48/80, kazi yake ni kuzichokoza seli masti za panya zimwage histamini, ndipo wapime dawa za kuzizuia. Moja ya dawa zilizopimwa hivyo ni hii iliyokuwa imelala na vifungo vyangu.

Nikaanza upya. Siku ya tisa nilishtuka imefika adhana ya adhuhuri na sijafikicha jicho. Wiki ya pili nikatunga uzi mwenyewe, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, saa kumi na moja jioni. Siponi kabisa, nisidanganye mtu. Likipita lori la tumbaku na upepo wake, jicho linawasha kama zamani, na siku hiyo tone halisaidii kitu.

Malalamiko ninayo. Karatasi ya ndani ni Kiingereza kitupu, herufi kama mayai ya chawa, halafu ni dawa ya watu wenye macho mabaya. Mara nne kwa siku ni kazi ukiwa na mteja anasubiri. Mimi nimeifunga na swala na chai. Kichupa kigumu, ukikikamua kwa hasira yanatoka matone mawili unapoteza moja. Kikishafunguliwa kinatupwa baada ya siku 28, hata kama kimebaki. Changu kiliisha siku ya 24, kwa hiyo sikulia. Wanaovaa lenzi laini za macho wamuulize mfamasia kwanza, kihifadhi kilichomo kinanasa kwenye lenzi.

Ila lawama kubwa namwekea muuzaji. Dawa ya kungoja wiki mbili unaniuzia kwa "1x4" peke yake?

Mwaka huu nimeanza tarehe 20 Juni, mwembe haujatoa hata ua moja. Mtoto wa jirani amepita mara mbili kuuliza kama kuna sindano ya kutungwa.