Hosti za masista: ubora, kasoro na namna ya kuagiza

Kwa sakristani, yaani mtunza vyombo vya Misa, anayechagua kati ya hosti (mikate myembamba ya komunio) za kiwandani kutoka nje na zile zinazookwa konventini, kwenye nyumba ya masista, jibu letu ni konventi, ila kwa sharti moja: uijue ratiba ya masista. Hosti hizi zinatoka kwenye nyumba inayoamkia masifu, sala za asubuhi, kabla hakujapambazuka. Masista wengi wanashinda darasani au zahanati, na kazi ya hosti inabaki kwa walio nyumbani.

Walio nyumbani mara nyingi ni wanovisi, yaani walio kwenye malezi kabla ya kuweka nadhiri. Sheria ya Kanisa inadai unovisi wa miezi 12, na kanuni ya 652 inakataza wanovisi kutwishwa masomo au kazi zisizohusu malezi yao. Novisi hapangiwi kufundisha hesabu kidato cha pili, lakini hosti anaweza kukata. Kwa hiyo kundi jipya likiingia, usishangae mifuko ya wiki za mwanzo kuwa na chenga nyingi. Mkono unatulia baada ya miezi michache, na mteja mzoefu huchekecha tu akasubiri.

Chenga hizo zinatokana na hatua moja: kulegeza mkate kabla ya kuukata. Rojo ni unga wa ngano na maji basi: kilo 1 ya unga kwa maji ya lita 1 na robo hadi 1 na nusu, inakorogwa mpaka isibaki hata punje ya donge, iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa. Inamiminwa katikati ya mabamba mawili ya chuma yaliyopata moto na kufunikwa. Mvuke unafoka pembeni kwa kelele. Ukikoma, mkate umeiva. Kinachotoka ni kama karatasi nyeupe yenye alama za misalaba, kavu kiasi kwamba ukiigusa vibaya inapasuka. Ukiikata hapo hapo, kila hosti inameguka ukingoni. Lazima ilazwe usiku mmodi mahali penye unyevu, au chini ya kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa sana, mpaka ilegee na kukubali kupinda bila kuvunjika. Ikizidi kulegea nayo inanasa kwenye kisu na hosti inatoka na umbo la yai. Baada ya kukatwa zinachekechwa, zinachambuliwa na kukaushwa tena ndipo zifungwe. Haraka ya Jumamosi jioni huonekana hapo mwishoni: hosti zimefungwa hazijakauka, zinajikunja kama majani, na baada ya siku chache zina ukungu.

Madoa ya kahawia ni bamba lililozidi moto. Kwa macho si mazuri, lakini hosti ni halali. Umeme ukikatika katikati ya kuoka, mkate ule ni wa kutupa, kwa hiyo uliza mapema kama nyumba ina mashine ya gesi au jenereta. Kwa upande wa chenga za kiwandani zinashinda, kwa kuwa nyingi hufungwa ukingo na mashine na hazidondoshi chenga kwenye siborio, chombo cha kuwekea hosti. Zinashindwa kwenye upya. Kanuni ya 924 inataka mkate wa ngano tupu, uliookwa karibuni, na ya konventi unaweza kuipata ndani ya wiki ileile iliyookwa.

Usiwaombe masista waongeze sukari, asali wala maziwa, na usiwapelekee unga wa mchele au muhogo kwa ajili ya muumini asiyeweza kula ngano. Watakataa, na wako sahihi: hosti isiyo na gluteni, ile protini ya ngano, kabisa si halali, kama barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilivyorudia kusema. Yenye gluteni kidogo inakubalika, ila inahitaji unga maalumu na vyombo vyake peke yake, na konventi nyingi za kawaida hazina. Kwa muumini huyo, zungumza na paroko kuhusu kukomunika kwa divai pekee. Unga uliotiwa hamira ya unga tayari, ule wa mandazi, nao haufai.

Kuagiza ni hesabu. Wakikomunika watu 600 kila Jumapili na 40 kila siku ya kazi, mwezi wa Jumapili 4 unahitaji kama 3,400, agiza 4,000. Ongeza kwa Pasaka, Kipaimara na Komunio ya Kwanza. Peleka oda wiki 2 kabla, na uulize tarehe za mafungo ya mwaka na za nadhiri, maana siku hizo hakuna anayegusa mashine. Hosti kubwa za padre agiza kwa idadi ya Misa, na usichague ndogo mno: inatakiwa imegwe kweli, na vipande vingine viwafikie waamini. Kuhakiki idadi, pima uzito wa hosti 100, kisha pima mfuko mzima. Na lipa unapochukua. Masista hawajui kudai, parokia zinalijua hilo na kulitumia vibaya, ilhali unga na umeme wao wananunua taslimu.

Nyumbani kwako, adui ni unyevu na harufu. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mfuko uliofunguliwa usilale wazi hata usiku mmoja. Mimina kwenye kopo la mfuniko unaobana, tumia za zamani kwanza. Usiweke kabati moja na ubani, sabuni au vidonge vya nondo vya kulindia kasula, vazi la padre la Misa, kwani hosti inanyonya harufu na waamini wataionja. Wakikupa kopo lao, lirudishe kavu kabisa. Lililooshwa asubuhi ya safari na kufunikwa na tone la maji ndani ndilo linalorudi parokiani na ukungu, kisha lawama anabebeshwa novisi.