Multimita ya DT-830 na gari la zamani lisilowaka: inatosha wapi, inakwama wapi

DT-830 ni ile multimita ndogo ya bei ya chini yenye swichi moja ya kuzungusha katikati, na mafundi wengi huidharau. Kwa gari la zamani linalogoma kuwaka, au linalowaka kisha likazima, inastahili kuwemo kwenye boksi la vifaa. Sharti ni moja: pima umeme ukiwa kazini. Anayepima betri gari likiwa limelala, akasoma volti 12.5 na kutangaza kwamba betri ni nzima, bado hajajua kitu.

Weka swichi kwenye 20 upande wa DCV (volti za umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, na kwenye 12.2 imebaki karibu nusu. Sasa chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta au soketi ya koili (inayozalisha umeme wa cheche) ili injini isiwake, mwenzako apige stata kwa sekunde tano huku umegusa nguzo mbili za betri. Isishuke chini ya 9.6. Hapa udhaifu wa kwanza wa kifaa hiki unajitokeza: skrini hubadilika mara mbili au tatu tu kwa sekunde, hivyo mshuko wa ghafla unakupita. Usisome namba ya kwanza inayotokea, subiri zitulie.

Kipimo kinachoipa DT-830 thamani yake yote ni cha volti zinazopotea njiani. Pini nyekundu iguse bloku ya injini mahali penye chuma kitupu, nyeusi iguse nguzo hasi ya betri, yaani nguzo yenyewe, si kibanio kilichoishika. Piga stata. Ikisoma zaidi ya 0.2, eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) ina kasoro: waya umeoza ndani ya ganda, boliti imelegea au kuna rangi chini yake. Kisha nenda upande wa chanya: nyekundu kwenye nguzo chanya, nyeusi kwenye boliti ya stata inayopokea waya mnene kutoka kwenye betri. Zikipotea zaidi ya 0.5, njia hiyo ndiyo inayokula nguvu. Stata ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya kutu iliyojificha chini ya kibanio! Usijaribu kufanya kazi hii kwa upande wa omu (kipimo cha ukinzani wa waya). Waya mnene uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utasoma karibu sifuri, kwa kuwa multimita hupitisha umeme kidogo mno, wakati stata inahitaji zaidi ya ampea 100.

Kuna gari linalowaka vizuri, ukiachia ufunguo tu linazima. Kwenye magari yenye pointi (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili), mshukiwa wa kwanza ni rezista ya koili. Wakati wa kupiga stata koili hupewa umeme wa moja kwa moja, na ufunguo ukirudi kwenye ON umeme hupitia rezista. Washa ufunguo pointi zikiwa zimefunga, pima kwenye chanya ya koili: kati ya volti 6 na 9 ni kawaida. Ukipata sifuri, pima upande wa pili wa rezista. Kama kule kuna 12, rezista imekatika. Kama hakuna kitu, rudi kwenye swichi ya ufunguo. DT-830 huitenda kazi hii bila kasoro.

Kwa gari la sindano za mafuta, pima kwenye soketi ya pampu ikiwa imechomekwa na pampu inazunguka, kwa kupenyeza pini nyuma ya soketi. Ukiichomoa utasoma 12 hata kama waya umebakia uzi mmoja. Namba ikiwa pungufu ya betri kwa zaidi ya volti 1, pampu mpya haitakuponya. Kumbuka pia kwamba magari mengi huipa pampu umeme kwa sekunde mbili hivi ufunguo unapowashwa, kisha huukata hadi injini izunguke. Rilei nyingi nzima, yaani swichi za umeme zinazoiwasha pampu, zimelaumiwa kwa sababu mpimaji alichelewa. Ila kwa Honda za miaka ya 1980 na 1990 zinazogoma zikiwa zimepigwa na jua na kuwaka zikipoa, lawama hiyo mara nyingi ni ya haki: lehemu ndani ya rilei kuu hupasuka.

Sasa inapokwama. Upande wa AC (umeme unaogeuka mwelekeo) una ngazi za 200 na 750 pekee, kubwa mno kwa volti ndogo. Sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) ya aina ya sumaku inaweza kutoa chini ya volti 1 stata ikizunguka, kwa hiyo usiihukumu kwa kifaa hiki. Omu ndogo nazo si za kuaminika: koili nyingi zina omu 0.4 hadi 2 upande wa msingi, ilhali nyaya za multimita zenyewe zinaweza kuongeza nusu omu. Gusanisha pini kwanza, kisha toa namba hiyo, na hata hivyo chukulia jibu kama makadirio. Upande wa pili wa koili, wenye maelfu ya omu, inapima vizuri. Cheche isipimwe nayo kabisa, kwani volti zaidi ya 10,000 zitaiua. Tafuta testa ya cheche.

Tundu la 10A ndilo la hatari. Mara nyingi halina fyuzi. Linafaa kutafuta kinachonyonya betri usiku: unganisha kati ya nguzo hasi na kibanio chake kikiwa kimetolewa, na zaidi ya ampea 0.05 kila kitu kikiwa kimezimwa ni nyingi kwa gari la zamani. Usipige stata ikiwa hivyo. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu mahali pake papo hapo. Ukiusahau kwenye 10A kisha ukagusa nguzo mbili za betri, umeunganisha betri na waya mtupu, na ganda linayeyuka mkononi.

Dukani chagua 830D yenye mlio wa kuonyesha waya haujakatika, kuliko 830B isiyo nao. Nyaya zinazokuja nayo ni nyembamba na hukatika shingoni mwa pini, basi nunua pea nene pamoja na vibanio vyenye meno. Betri yake ya volti 9 ikichoka, namba hupanda: betri ya gari inayosoma 13.4 injini ikiwa imezimwa tangu jana ni ishara ya kubadilisha ile ya multimita kabla hujapima kingine.